Nani anarusha droni za Sudan?

Msomaji mmoja wa Mombasa, anayefanya kazi kwenye kampuni inayosafirisha chai, ameniandikia hivi: "Mwalimu, shikamoo. Tulikuwa tunauza chai Sudan mpaka Machi 2025, serikali yao ilipopiga marufuku bidhaa za Kenya. Tangu hapo nafuatilia vita vile, na kuna jambo haliniingii akilini. RSF, wale wanaopigana na jeshi la Sudan, tuliwajua kama wanamgambo wa pikapu. Sasa droni zinapiga hadi Port Sudan, huko pwani kabisa. Nani hasa anazirusha? Na jeshi lenye ndege za kivita lilishindwaje kuwamaliza tangu mwanzo? Bosi wangu naye anauliza kama ipo siku Port Sudan patafaa tena kwa mzigo."

Marahaba. Nitaanza na jibu la mkato, kisha nilifungue taratibu.

Anayebonyeza kitufe anaweza kuwa kijana wa Kisudani aliyefunzwa kwa miezi michache, au mgeni wa kukodiwa. Kwangu mimi huyo si mtu muhimu sana katika hadithi hii. Droni kubwa ya kivita inataka njia ya kurukia, banda la kufichwa, chumba cha kuongozea chenye antena, mafundi, vipuri, mabomu yake maalumu, na wakati mwingine setilaiti ya kubeba mawasiliano. Darfur, eneo la magharibi walikojikita RSF, hakuna kiwanda cha kitu chochote kati ya hivyo. Vyote vinatoka nje, vinapita kwenye anga au mpaka wa nchi fulani, na vikikatika, droni inabaki bati tu uwanjani. Kwa hiyo mtu akiniuliza nani anazirusha, huwa namrudisha kwenye viwanja vya ndege: nani anatua pale, anashusha nini, na bili inalipwa na nani.

Sasa tuanze na jeshi, maana swali lako la pili ndilo linalolieleza la kwanza.

Vita vilipolipuka Khartoum tarehe 15 Aprili 2023, jeshi la Jenerali Abdel Fattah al-Burhan lilikuwa na MiG-29, Sukhoi, na ndege kubwa za mizigo aina ya Antonov zilizogeuzwa kuwa za kudondosha mabomu. RSF ya Mohamed Hamdan Dagalo, yule Hemedti, haikuwa na jeshi la anga. Ilikuwa na maelfu ya vijana, pikapu zilizofungwa bunduki nzito, na uzoefu wa kupigana walioupata Darfur walipokuwa wakiitwa Janjaweed, kabla ya Rais Omar al-Bashir kuwapa jina na sare rasmi mwaka 2013. Majenerali hawa wawili walimwangusha Bashir pamoja Aprili 2019, wakapindua pamoja serikali ya mpito Oktoba 2021, halafu wakagombana juu ya RSF kuingizwa jeshini: kwa muda gani, na nani awe chini ya nani.

Siku ileile ya kwanza RSF waliuvamia uwanja wa ndege wa Merowe, kaskazini, wakawateka askari wa Misri waliokuwa pale na ndege zao. Mtu akikwambia wageni waliingia Sudan baadaye, mkumbushe Merowe. Na tazama walikokimbilia asubuhi ile. Walijua adui yao ana anga, wakaenda kuifunga.

Kwa hesabu ya silaha, wengi walidhani jeshi litashinda ndani ya wiki chache. Hesabu hiyo ilisahau kwamba ndege ya kivita hupiga vitu vinavyoonekana, kama kambi, msafara au daraja. RSF waliingia majumbani mwa watu. Walikaa Khartoum ndani ya nyumba za raia, maduka na hospitali, na rubani anayepita kwa kasi ya MiG hawezi kutofautisha nyumba yenye familia na nyumba yenye wapiganaji. Antonov ni mbaya zaidi, kwa sababu inapita juu sana na bomu linadondoshwa kwa kukisia. Tarehe 9 Desemba 2024, siku ya gulio, soko la Kabkabiya huko Darfur Kaskazini lilipigwa na watu zaidi ya 100 wakafa. Machi 2025 ikawa zamu ya soko la Tora, na wenyeji wakataja mamia ya vifo. Jeshi hukana kuwalenga raia. Hata tukilikubali kanusho hilo, bomu lililokisiwa juu ya soko la siku ya gulio haliwezi kuwa na matokeo mengine. Na kijeshi halikuwafikisha mbali, maana makao makuu ya jeshi mjini Khartoum yalizingirwa na RSF hadi Januari 2025, karibu miaka miwili, huku ndege zao zikiruka kila siku.

Kilichobadilisha mambo ni droni, au ndege nyuki kama wanavyoziita Tanzania.

Oktoba 2023 Sudan na Iran zilirudisha uhusiano uliokatika mwaka 2016. Baada ya miezi michache droni za Iran aina ya Mohajer-6 zikaonekana juu ya Omdurman, ng'ambo ya Nile kutoka Khartoum. Droni hii haina kasi, na huo mwendo wake wa polepole ndio faida yake. Inazunguka juu ya mtaa mmoja saa nyingi, na aliye kwenye skrini anaona nani anaingia nyumba ipi, pikapu imefichwa chini ya mti gani, na risasi zinaletwa saa ngapi. Yale ambayo rubani wa MiG hakuweza kuyaona kwa sekunde tatu, huyu anayaona kwa kutwa nzima. Jeshi likasonga mtaa kwa mtaa, na Machi 2024 likayachukua majengo ya redio na televisheni ya taifa. Baada ya mwaka wa kurudi nyuma, huo ulikuwa ushindi wao mkubwa wa kwanza mjini.

Kisha zikaja za Uturuki. Machi 2025 gazeti la Washington Post lilichapisha habari ya nyaraka za mkataba kati ya kampuni ya Baykar na shirika la silaha la jeshi la Sudan, wenye thamani ya dola milioni 120. Ndani yake kuna droni 6 za Bayraktar TB2, vituo 3 vya kuongozea ardhini, na vichwa vya mabomu 600. Wewe ni mtu wa shehena, kwa hiyo isome orodha hii kama unavyosoma hati za mzigo. Mabomu ni mia moja kwa kila ndege. Wengi wanaitazama ile sita na kushangaa uchache wake, mimi jicho langu linabaki kwenye mia sita. Droni ikianguka ni hasara, lakini vita vinaamuliwa na ghala la mabomu na mtu anayelijaza upya likiisha. Halafu vile vituo vitatu vina maana kwamba vikosi vitatu vinaweza kufanya kazi katika pande tatu za nchi kwa wakati mmoja. TB2 inaweza kukaa angani hadi saa 27, na hakuna binadamu anayekaa mbele ya skrini saa 27, hivyo kila kituo kinataka zamu za watu wa kuongoza ndege, wa kushika kamera na wa kuamua. Ukishanunua ndege sita, umenunua pia mafunzo, mafundi na utegemezi wa miaka.

Sisemi droni peke yake ndiyo iliyoirudisha Khartoum. Kulikuwa na askari wa miguu, mizinga, brigedi za wanaharakati wa Kiislamu zilizopigana upande wa jeshi, na uchovu wa RSF wenyewe. Ila hatua zilifuatana kwa haraka mno kuliko mwanzo: Wad Madani Januari 2025, Ikulu ya Khartoum tarehe 21 Machi, na uwanja wa ndege wa Khartoum siku chache baadaye.

RSF hawakukaa wakitazama. Mji wa Nyala, Darfur Kusini, waliuchukua Oktoba 2023. Uwanja wake wa ndege ukatengenezwa, na kuanzia mwaka 2024 ndege za mizigo zikawa zinatua, nyingi usiku. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yale wanaosoma picha za setilaiti wakaona, kuelekea mwanzo wa 2025, droni za muundo wa Kichina zimeegeshwa pale. Na Mei 2025 Amnesty International ikatoa ripoti kuhusu vipande vya bomu vilivyookotwa karibu na al-Malha, Darfur Kaskazini, baada ya shambulio la droni la tarehe 9 Machi lililoua watu 13. Lilikuwa bomu la kuongozwa aina ya GB50A, la kampuni ya Norinco ya China, na alama zake zilionyesha limetengenezwa mwaka 2024. Maana yake ni kwamba bomu lililotoka kiwandani China wakati vita vya Sudan vina umri wa mwaka mmoja lilikuwa limeshafika Darfur, likapandishwa kwenye droni na kulipuka, wakati Darfur iko chini ya vikwazo vya silaha vya Umoja wa Mataifa tangu miaka ya 2000. Amnesty walisema karibu kwa uhakika kamili kwamba lilipitia Umoja wa Falme za Kiarabu.

Hapo ndipo tunapofika kwa Umoja huo wa Falme za Kiarabu, yaani Imarati. Mwanzoni mwa vita ndege nyingi za mizigo zilianza kutua Amdjarass, mji mdogo wa Chad ulio karibu na mpaka wa Darfur. Abu Dhabi ilisema ni misaada, na kweli kulikuwa na hospitali ya muda pale. Lakini wataalamu wa Umoja wa Mataifa wanaosimamia vikwazo vya Darfur waliandika katika ripoti yao ya Januari 2024 kwamba madai ya silaha kupitia Amdjarass kwenda RSF ni ya kuaminika. Imarati imekanusha kila mara, na inaendelea kukanusha. Mimi nikiuweka ushahidi wote mezani, yaani safari za ndege, mabomu yaliyookotwa na wapiganaji wa kukodiwa, naona kanusho hilo haliwezi kusimama. Lakini uzito wangu wa maoni si hukumu ya mahakama, na msomaji ana haki ya kujua tofauti hiyo.

Wapiganaji hao wa kukodiwa ndio jibu la karibu zaidi kwa swali lako la nani anazirusha. Tangu mwishoni mwa 2024 zimekuwa zikitoka habari za askari wastaafu wa Kolombia kupelekwa Darfur, baadhi wakidhani wanakwenda kulinda visima vya mafuta vya Ghuba. Desemba 2025 wizara ya fedha ya Marekani iliwawekea vikwazo watu na kampuni zinazowaajiri, na ikataja kazi wanazofanya kule, ikiwemo kurusha droni. Mkolombia anaongoza droni ya muundo wa Kichina kutoka uwanja wa Darfur ili impige Msudani, na mshahara wake unatoka mahali pengine kabisa. Hapo hakuna nchi inayolazimika kutangaza kwamba iko vitani.

Ndiyo sababu wageni wanazipenda droni. Ukituma kikosi, mtarudishiwa majeneza, bunge litauliza, mama atalia kwenye televisheni. Ukituma kontena la droni, hakuna jeneza la kupokea. Dola milioni 120 kwa nchi inayotaka rafiki kwenye Bahari ya Shamu ni hela ndogo.

Na wanaotaka rafiki pale ni wengi. Dhahabu ya Sudan huishia kwa wingi Dubai. Misri haitaki mtu isiyemwamini akae juu ya Nile, na Hemedti aliwahi kuishutumu Oktoba 2024 kwamba ndege za Misri zilipiga vikosi vya RSF, Cairo ikakana. Iran inatafuta mguu ng'ambo ya Saudi Arabia, Urusi imekuwa ikizungumzia kituo cha jeshi la majini Port Sudan kwa miaka, na Uturuki inauza.

Sasa turudi Port Sudan, maana hapo ndipo mambo yote haya yalipokutana ndani ya siku nne.

Baada ya Khartoum kuharibika, serikali ya Burhan ilihamia Port Sudan. Mashirika ya Umoja wa Mataifa yakahamia, balozi zikahamia, na maelfu ya familia zikaenda kupanga vyumba kule kwa sababu vita vilikuwa mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 4 Mei 2025 duru za jeshi zilikuwa zikitamba kwamba limepiga uwanja wa Nyala na kuharibu ndege ya mizigo na maghala ya silaha. Tarehe 4 droni zikafika Port Sudan kwa mara ya kwanza na kugonga kambi ya anga ya Osman Digna karibu na uwanja wa ndege. Tarehe 5, kwa sadfa tu, Mahakama ya Kimataifa ya Haki kule The Hague ikatupa kesi ambayo Sudan iliifungua dhidi ya Imarati kwa mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari. Haikusema Imarati haina kosa. Ilisema haina mamlaka ya kusikiliza, kwa sababu Imarati ilipojiunga na mkataba ule iliweka sharti la kutoshtakiwa hapo. Tarehe 6 Sudan ikavunja uhusiano na Imarati. Mashambulizi yakaendelea siku kadhaa: matangi ya mafuta, kituo cha umeme, hoteli iliyo karibu na makazi ya Burhan, na eneo la bandari. Kwa siku nyingi moshi mweusi wa mafuta ulionekana kutoka kila upande wa mji.

Nyala hadi Port Sudan ni kilomita 1,500 hivi kwa mstari mnyoofu. Hapa watu wengi hudhani kuna muujiza. TB2 huongozwa kwa mawimbi ya redio kutoka kituo cha ardhini, na hayo hufika kilomita 300 hivi. Kwenda mbali zaidi kuna njia mbili. Ya kwanza ni kuiongoza kwa setilaiti, na droni kubwa za Kichina kama Wing Loong II zimeundwa kwa ajili hiyo. Ya pili ni droni ya kujilipua, isiyorudi. Hii unaipangia mahali pa kwenda kabla haijaruka, inajiongoza kwa ishara za setilaiti, na ikishaondoka haihitaji mtu. Ubaya wake ni kwamba haiwezi kufuata kitu kinachotembea. Ndiyo maana ukiziangalia shabaha za mbali utakuta zote zimejengwa na kusimama: tangi la mafuta, transfoma, banda la ndege, mtambo wa umeme wa bwawa la Merowe. Tangi la mafuta la leo litakuwa palepale kesho, na picha yake ya setilaiti yeyote anaweza kuinunua.

Hapa kuna jambo ambalo taarifa za habari hulipitia haraka, nami nitakaa nalo kidogo. Katikati ya Mei 2025, wiki moja tu baada ya Port Sudan, droni zilipiga vituo vya umeme Omdurman. Siku hiyo waliokufa kwa mlipuko wenyewe hawakuwa habari kubwa. Lakini umeme ulipozimika, mitambo ya kusafisha na kusukuma maji ilisimama. Watu wakachota maji ya Nile na ya visima vyovyote walivyovipata, kwenye mji uliokuwa tayari umejaa wanaorejea kutoka ukimbizini. Kabla Mei haijaisha wizara ya afya ilitangaza kwamba katika wiki moja kipindupindu kimeua watu 172 na kuwaambukiza zaidi ya 2,700, wengi wao jimbo la Khartoum. Hao hawamo kwenye hesabu ya waliouawa na droni. Mtoto aliyekufa kwa kuharisha Omdurman ameuawa na transfoma iliyopigwa kutoka mamia ya kilomita.

Zile zinazopiga karibu zina ukatili wa namna nyingine, kwa sababu aliye kwenye skrini anaona. El Fasher, mji mkubwa wa mwisho wa jeshi Darfur, ulizingirwa tangu Mei 2024 hadi ulipoanguka tarehe 26 Oktoba 2025. Januari 2025 droni ilipiga hospitali ya Saudi ya mji huo na kuua watu 70 hivi. Tarehe 19 Septemba mwaka huohuo ilipiga msikiti wakati wa sala ya alfajiri, zaidi ya 70 wakafa wakiwa kwenye safu. Na Desemba 2025, huko Kalogi, Kordofan Kusini, shule ya chekechea ilipigwa, kisha wakapigwa waliokuja kuokoa, kisha hospitali walikopelekwa majeruhi. Shirika la Afya Duniani lilihesabu waliokufa 114, kati yao watoto 63. Ukipiga mara moja unaweza kusema umekosea. Kupiga mara tatu ukifuata majeruhi wale wale, mtu alikuwa anatazama.

Mashambulizi hayo matatu yanahusishwa na RSF. Ya masoko niliyoyataja mwanzo yalikuwa ya jeshi. Sina nia ya kupima mizani ili pande zote zionekane sawa, na naona yaliyofanyika El Fasher hayana mfano wake katika vita hivi. Lakini raia aliye chini hachagui bomu.

Kuhusu Kenya na chai yenu nitasema kwa ufupi. Februari 2025 RSF na washirika wao walikutana Nairobi, katika jumba la KICC, na siku chache baadaye mjini humo wakatia saini mkataba wa kuunda serikali yao sambamba, ile ambayo baadaye iliapishwa Nyala. Kenya ilisema inatoa jukwaa la mazungumzo. Sudan ikamwita nyumbani balozi wake, kisha Machi ikazuia bidhaa zenu. Mimi naona Nairobi ilikosea, na kosa lilikuwa kubwa kuliko lilivyoonekana siku ile. Mpatanishi hapokei upande mmoja utangaze serikali nyumbani kwake. Jeshi lilijua haliwezi kuigusa Imarati, likaigusa chai. Mkulima wa Kericho akalipia sehemu ya vita ambavyo hajui hata vilianzaje.

Hukuuliza kama dunia inaweza kuzizuia droni hizi, lakini wengine wote huuliza, kwa hiyo nijibu. Vikwazo vya silaha vya Baraza la Usalama vinahusu Darfur pekee, na huongezwa muda kila Septemba. Yaani droni ikiuzwa kwa jeshi Port Sudan hakuna azimio lililovunjwa. Ikipelekwa Nyala limevunjwa, lakini hakuna anayeadhibiwa, kwa sababu aliyeuza kiwandani alimuuzia mtu mwingine, na huyo mwingine anakana. Mnunuzi wa kwanza husaini karatasi ya kuahidi kwamba silaha haitapelekwa kwa mtu wa tatu. China ina haki ya kuuliza GB50A ilifikaje Darfur. Sijasikia ikiuliza hadharani.

Halafu tazama nani wamekaa kwenye meza ya upatanishi. Septemba 2025 Marekani, Saudi Arabia, Misri na Imarati zilitoa tamko la pamoja la kutaka mapigano yasitishwe miezi mitatu kwa ajili ya misaada. Misri iko na jeshi. Imarati ndiyo inayotajwa nyuma ya RSF. Wengi hucheka wakisikia hilo, mimi sicheki. Ni hao wenye funguo za viwanja vya ndege, na kusimama kwa vita kutatoka kwao kuliko kwa yeyote anayelaani tu akiwa New York. Tatizo ni kwamba bado hawajaona gharama. Hakuna ndege yao iliyozuiwa kupita anga ya mtu kwa sababu ya Sudan kwa kiwango cha kuwauma. Baraza likipanua vikwazo vifunike Sudan nzima, na nchi za jirani zikaanza kukagua ndege za mizigo kweli, vita vitabadilika ndani ya miezi, kwa sababu ile mia sita ya mabomu niliyokuonyesha inaisha.

Kuna njia ya ulinzi pia, yaani mitambo ya kuvuruga mawimbi na makombora ya kutungulia. Port Sudan iliimarishwa baada ya Mei 2025, na RSF nao wamekuwa wakitungua droni za jeshi Darfur. Lakini kinga ni ghali kuliko shambulio. Unaweza kulinda bandari na uwanja wa ndege. Huwezi kulinda kila transfoma ya Omdurman.

Sasa bosi wako. Port Sudan ni bandari inayofanya kazi, na meli zimeendelea kutia nanga hata baada ya Mei 2025. Usimwambie pako salama, mwambie hatari yake ina sura inayojulikana. Droni za mbali hufuata mafuta, umeme na ndege, hazifuati chai. Kwa hiyo aulize mzigo utashushwa gati gani na utakaa ghala gani, na akiambiwa ghala liko jirani na matangi ya mafuta au kambi ya jeshi, atafute jingine hata kama ni ghali. Aulize bei ya bima ya hatari za vita kwa wiki, si kwa mwaka, kwa sababu kampuni za bima zinapata habari za bandari mapema kuliko sisi tunaosoma magazeti. Atazame pia Khartoum. Oktoba 2025 uwanja wa ndege wa mji ule ulipangiwa kupokea ndege ya kwanza ya abiria tangu vita vianze, na siku moja kabla, droni zikapiga. Ndege ilitua kesho yake hata hivyo. Safari hizo zikizoeleka, wanunuzi wenu wa zamani watakuwa wanarudi madukani, na chai itatakiwa Khartoum kabla ya kutakiwa kwingine. Zikikatika tena, asipakie. Na kabla ya yote hayo, mwombe wakala wenu kule apate kwa maandishi zuio la Machi 2025 linasemaje leo kuhusu chai ya Kenya, pamoja na ile inayopitishwa nchi ya tatu, maana droni zikinyamaza wiki nzima bado kontena lenu linaweza kuoza forodhani.